Wifi Nyuma ya Injinia Lalitha

Ngoja niseme ukweli tangu mwanzo, hata kama utanifikiria vibaya. Siku mume wangu aliponiambia kuwa dada yake anataka kuja kukaa kwetu na mtoto wake, sikusikia huruma. Niliendelea kukunja nguo za mwanangu huku kichwani napiga hesabu: vyumba viwili, choo kimoja, dada wa kazi mmoja, na mishahara miwili ambayo ikifika tarehe 20 imeshayeyuka. Halafu aje na wifi!

Kama umeolewa, najua umenielewa. Hili neno "wifi" lina mambo yake jamani. Wifi ndiye anayejua kaka yake alikuwa anapikiwaje kabla yako. Wifi ndiye anayefungua friji na kuuliza, "Hivi hii nyama ni ya lini?" Miaka mitatu ya ndoa nilikuwa nimeipitisha salama kwa sababu wifi yangu alikuwa Morogoro na mimi niko Sinza. Mapenzi yetu yalikuwa ya simu na ya sikukuu, na yalitutosha.

Lakini kulikuwa na jambo. Wifi yangu alifiwa na mume akiwa na miaka 24, mtoto wao hajaanza hata kutambaa. Akarudi kwa wazazi. Kabla ya kuolewa alikuwa na diploma ya umeme, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kusoma uhandisi wa umeme hapa Dar, miaka 4. Hosteli za chuo hazipokei mtoto. Mama mkwe wangu miguu inamsumbua, hawezi kukimbizana na mtoto mdogo. Ndugu wengine wakawa na jibu lao rahisi: "Atulie kwanza. Bado mbichi, atapata mume mwingine. Mambo ya waya na nguzo na mtoto mgongoni wapi na wapi?"

"Sijamjibu," mume wangu akasema. "Nimemwambia niongee na wewe kwanza."

Nikamwomba wiki mbili. Moyoni nilikuwa natafuta namna nzuri ya kusema hapana.

"Huyo ni msanii wa filamu za Kihindi?"

Ndani ya hizo wiki mbili wifi akaja kufuatilia karatasi zake za chuo, akalala kwetu siku mbili. Usiku, watoto wamelala, tukawa jikoni mimi naosha vyombo yeye anafuta. Hakugusia ombi lake hata kidogo. Akaniuliza tu, "Wifi, unamjua Lalitha?"

Nikamjibu, "Huyo ni msanii wa filamu za Kihindi?"

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Kisha akanisimulia. Na mimi, ambaye nilikuwa natafuta sababu ya kukataa, nilijikuta usiku ule na siku zilizofuata nasoma habari za mwanamke aliyefariki kabla sijazaliwa, kwenye basi, ofisini wakati wa chakula cha mchana, hata kitandani mpaka mume wangu akalalamika mwanga wa simu.

Jina lake kamili ni Ayyalasomayajula Lalitha. Wahindi wenyewe hufupisha na kumwita A. Lalitha, kwa hiyo usijione mshamba kama ulimi umekwama. Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1919 katika mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai, kwenye familia ya Kitelugu yenye watoto 7. Baba yake, Pappu Subba Rao, alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo cha Uhandisi cha Guindy, hapo hapo Madras. Kaka zake walisomeshwa wakawa mainjinia. Wasichana wakapewa elimu ya msingi, kisha ndoa. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Lalitha aliolewa mwaka 1934 akiwa na miaka 15. Mwaka 1937 akajifungua mtoto wa kike. Mtoto akiwa na miezi 4, mume akafariki. Hebu simama hapo kidogo: mjane, ana miaka 18, na mtoto mchanga mikononi.

Mjane wa Madras

Sisi tunajua mjane anavyoweza kuteswa, tusijidanganye. Kuna wanaonyang'anywa mpaka vijiko. Ila katika familia za Kihindu za tabaka la juu wakati ule, ujane ulikuwa kama kuzikwa ukiwa hai. Mjane alinyolewa nywele katika jamii nyingi. Alivaa nguo zisizo na rangi, bila mapambo. Hakutakiwa kwenye harusi kwa sababu alionekana ana mkosi. Sheria ya kuruhusu mjane aolewe tena ilikuwepo tangu mwaka 1856, lakini sheria ni karatasi, mila ni majirani. Na zamani zaidi, kabla Waingereza hawajapiga marufuku mwaka 1829 na 1830, kulikuwa na mila ya mjane kuchomwa moto pamoja na maiti ya mumewe. Lalitha mwenyewe, miaka mingi baadaye akiwa Marekani, aliwaambia waliomhoji kwamba kama angeishi miaka 150 nyuma, na yeye angechomwa.

Basi huyu binti hakukubali kuzikwa akiwa hai. Alirudi kwa baba yake na kusema anataka kusoma. Baba hakumwambia atulie kwanza. Akamrudisha darasani, Lalitha akasoma katika Chuo cha Queen Mary's, chuo cha wanawake hapo Madras, na kufaulu kwa daraja la kwanza.

Sasa sikiliza jinsi alivyochagua kazi, maana hapa ndipo nilipoanza kumpenda. Mwanamke msomi wa wakati ule alikuwa na njia iliyozoeleka, nayo ni udaktari. Lalitha aliifikiria. Akaona daktari anaweza kugongewa mlango saa 8 za usiku, amwache mtoto kitandani aondoke. Yeye alitaka kazi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, ili awe mama na awe na mshahara. Injinia, kwa alivyoona kwa baba na kaka zake, alikuwa na saa zake za kazi. Basi akachagua uinjinia.

Mwenzangu, mimi nilidhani watu wa namna hii huamka siku moja wanasikia sauti ya umeme inawaita! Kumbe alikaa chini akapiga hesabu za mtoto, kama mimi na wewe tunavyopiga hesabu za ada na dada wa kazi.

"Yeye" yupi?

Tatizo ni kwamba chuo cha Guindy, ambacho mizizi yake inaanzia kwenye shule ya upimaji ya mwaka 1794, hakikuwahi kuwa na mwanafunzi wa kike. Baba yake akaenda kuzungumza na mkuu wa chuo, K. C. Chacko. Ikahitajika ruhusa ya mkurugenzi wa elimu wa serikali, Mwingereza R. M. Statham. Wote wawili wakakubali. Mwaka 1940 Lalitha akaingia darasani, msichana mmoja kati ya mamia ya wavulana.

Waliomsimulia wanasema wavulana hawakumsumbua. Kilichomsumbua ni upweke wa hosteli. Chuo kikatangaza kuwa sasa kinapokea wasichana, wakaja wawili kusoma uhandisi wa ujenzi: Leelamma George na P. K. Thressia. Hao walikuwa mwaka mmoja nyuma yake, lakini kwa kuwa Vita Kuu ya Pili ilisababisha masomo yafupishwe, wote watatu walimaliza pamoja mwaka 1943. Huyo Thressia naye si mtu mdogo: mwaka 1971 alikuja kuwa injinia mkuu wa idara ya ujenzi ya jimbo la Kerala.

Kuna kitu kimoja kuhusu vyeti vyao kimenichekesha na kunichoma kwa pamoja. Vyeti vilikuwa vimeshachapwa vikiwa na neno la Kiingereza la "yeye" wa kiume. Hakuna aliyewahi kufikiri kuwa "yeye" anaweza kuwa mwanamke. Ikabidi neno lile likatwe kwa kalamu na juu yake liandikwe la kike. Sisi kwa Kiswahili "yeye" ni mmoja, hatuna haja ya kumkata mtu. Lakini ile "wapi na wapi" ya ndugu wa mume wangu, naona ilikuwa inafanya kazi ileile.

Na mtoto je? Hili ndilo swali nililokuwa nalo tangu ukurasa wa kwanza. Mama akiwa hosteli, mtoto alilelewa na ndugu, na mama alikuwa anakuja kumwona wikiendi. Hapo nikaweka simu chini. Nikamwangalia mume wangu alivyolala. Ndugu, maana yake nani? Maana yake mke wa mtu fulani, aliyeamka usiku mtoto wa mwenzie alipolia.

Injinia wa saa za ofisi

Baada ya cheti Lalitha alifanya mafunzo ya vitendo kwenye karakana ya reli ya Jamalpur. Mwaka 1944 akaajiriwa Shimla, kule milimani kaskazini, kama msaidizi wa injinia kwenye shirika la viwango la serikali. Akatoka huko mwishoni mwa 1946, akamsaidia baba yake kwenye utafiti. Mzee alikuwa mbunifu kweli: walishughulika na chombo cha muziki cha umeme na majiko yasiyotoa moshi. Lakini utafiti wa baba haulipi ada ya shule, na Lalitha alikuwa na mtoto wa kumlea.

Mwaka 1948 akapata kazi katika kampuni ya Associated Electrical Industries mjini Calcutta, ambao leo ni Kolkata. Kwa nini Calcutta? Kwa sababu kaka yake mmoja alikuwa anaishi huko, na angepata pa kukaa na mtu wa kubaki na mtoto. Mwanamke wa kwanza India kufuzu uhandisi alichagua mji kwa kuangalia nani atabaki na binti yake!

Alifanya kazi katika kampuni hiyo, ambayo baadaye iliingia chini ya GEC, karibu miaka 30, mpaka alipostaafu mwaka 1977. Kazi yake ilikuwa kusanifu njia za kusafirisha umeme, na michoro ya vituo vya kupozea umeme: mashine gani ikae wapi, waya upite wapi, hitilafu ikitokea upande huu, upande ule usizimike. Alishughulikia pia mitambo ya kufua umeme ya mradi wa Bhakra Nangal kwenye mto Sutlej, ambao bwawa lake lina urefu wa mita 226 kwenda juu. India ilikuwa imepata uhuru mwaka 1947, ina kiu ya umeme, na sehemu ya hesabu za umeme huo ilikuwa inapita mezani kwa mama mjane aliyevaa sari.

Heshima zikaja, taratibu. Mwaka 1953 taasisi ya mainjinia wa umeme ya London ilimpokea kama mwanachama mshiriki, na mwaka 1966 kama mwanachama kamili. Mwaka 1964 akaalikwa New York kwenye mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanawake mainjinia na wanasayansi. India haikuwa na chama cha namna hiyo, kwa hiyo akaenda kwa nafasi yake binafsi. Aliporudi hakukaa na sifa zake. Mkutano wa pili ulipofanyika Cambridge, Uingereza, mwaka 1967, yeye ndiye aliyesaidia wanawake wengine kutoka India wapate kwenda.

Hakuolewa tena. Binti yake alikuja kusimulia kuwa alipomuuliza mama kwa nini, alijibu kwa mzaha: yaani nianze tena kumhudumia mzee? Binti akasema pia kwamba hakuwahi kujihisi kama mtoto asiye na baba. Lalitha alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 60, miaka miwili tu baada ya kustaafu.

Yule ambaye hapewi hadithi

Watu wakisimulia habari hizi humsifu Lalitha, halafu baba yake, halafu mkuu wa chuo. Wanastahili wote. Lakini mimi nilikuwa nasoma nikiwa na swali la kwangu, kwa hiyo jicho langu lilimtafuta mtu mwingine: mke wa yule kaka wa Calcutta. Wifi. Yule aliyekuwa nyumbani mchana kutwa wakati Lalitha yuko ofisini anachora njia za umeme. Mtoto akitoka shule, alimkuta yeye. Akiumwa, ni yeye. Kwenye simulizi nyingi anapewa sentensi moja, kisha tunarudi kwa injinia.

Sikumsoma kama malaika. Nilimsoma kama mtu mwenye jiko lake na mume wake, ambaye siku moja aliambiwa dada anakuja na mtoto. Na nikajiuliza: angesema hapana, ingekuwaje? Baba alishamsomesha. Chuo kilishampa cheti. Kampuni ilishampa kazi. Vyote hivyo vilihitaji mtu mmoja awe nyumbani saa 8 mchana. Bila mtu huyo, cheti kingebaki ukutani.

Na hapo ndipo nilipoona aibu. Si kwamba nilikuwa na wajibu wa kukubali kila kitu. La hasha. Ila nilikuwa nimejiandaa kukataa bila hata kukaa chini na kuuliza: inahitajika nini hasa, kwa muda gani, na nani atafanya nini?

Tulivyokubaliana

Jumapili moja nikawaita wote wawili mezani, mume wangu na dada yake. Nilikuwa na daftari. Nikasema, "Wifi, karibu. Lakini mimi si mtakatifu, na naomba tuongee mambo ya kuudhi leo, kabla hayajatuudhi."

Tukaandika. Watoto wote wawili wanalala chumba kimoja na shangazi. Wifi anaamka kwa watoto usiku wa Jumatatu mpaka Alhamisi, mimi Ijumaa na Jumamosi. Jumapili? Mume wangu akawa anaangalia dari. Nikamwambia, "Baba, huyu ni dada yako na yule ni mwanao. Jumapili ni yako." Akacheka, akaona hatucheki. Jumapili ikawa ya kwake. Pesa ya maziwa na dada wa kazi, mume wangu anaongeza kutoka kwenye fungu lake la mpira na marafiki. Mtihani ukikaribia, wifi haulizwi habari za vyombo. Na kila baada ya miezi 6 tunakaa tena, mwenye dukuduku analitoa.

Nililoliogopa zaidi nililisema la mwisho: "Ukiwa na neno juu yangu, niambie mimi. Usimpigie mama Morogoro." Wifi akainamisha kichwa. Akasema, "Na wewe pia wifi. Ukinichoka, niambie mimi, usimwambie kaka." Tukapeana mkono kama watu waliouziana kiwanja.

Sasa ni mwaka wa pili. Sitakudanganya kuwa tunaishi kama kwenye tangazo la sabuni. Tumeshanuniana kwa sababu ya remoti, kwa sababu ya foleni ya choo asubuhi, na mara moja kwa sababu ya nyama kwenye friji, naapa. Kuna usiku nimelia bafuni kwa kuchoka. Mimi na mume wangu imebidi tujifunze kutoka wawili tu, hata kama ni kwenda kula chipsi mtaa wa pili, maana nyumba ikijaa watu ndoa inaweza kukosa pa kukaa. Nakwambia hili wewe uliye kwenye ndoa changa: kumsaidia ndugu bila kupanga muda wenu ni kuchimba shimo huku mnaimba.

Lakini juzi nimerudi kazini nimechelewa, foleni ya Ubungo imenimaliza. Nimefungua mlango nikakuta mwanangu na mwenzie wameshaogeshwa, wamekaa mkekani wanagombania kijiko, na wifi kawatandazia pembeni mchoro wake mkubwa wa kituo cha kupozea umeme, anasoma huku anawaamulia. Akainua kichwa akasema, "Pole na kazi wifi. Chakula kipo." Siku ile zamu ilikuwa yangu. Kaifanya bila kuniambia.

Nimemwambia siku ya kuvaa joho lake mimi nataka kiti cha mbele, karibu na mama mkwe. Hilo nalo tumeliandika kwenye daftari.

Na wewe msomaji, ndani ya ukoo wenu, ni nani leo ameambiwa "atulie kwanza"? Kabla hujatoa jibu lako, kaa na mwenzi wako, chukueni kalamu, mwandike inahitajika nini hasa. Huenda ni siku mbili za kuamka usiku na kitanda kimoja cha ziada. Huenda mkaona hamwezi, na mkasema hapana kwa heshima. Ila mjue kwanza mnachokisemea hapana.